Utepe Mweupe Juu ya Mizinga

Amos Tuckwell hakuwa na shamba. Hakuwa na ng'ombe, wala farasi, wala baiskeli yenye breki. Hakuwa na baba tangu alipotimiza miaka kumi na tisa, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilimtoka asubuhi moja ya barafu, mundu ulipoteleza. Suti hakuwa nayo ila ile ya kwendea mazikoni, nayo ilikuwa ya marehemu. Hakuwa na babu wa kujivunia. Afadhali angekosa babu kabisa kuliko kuwa na yule aliyejaliwa. Na zaidi ya hayo yote, jambo lililomuuma kuliko kidole, hakuwa na maneno. Maneno ya kumwambia mbwa alikuwa nayo tele. Ya kumwambia mwanamke ndiyo yaliyomkauka kooni.

Alichokuwa nacho ni nyua. Katika kijiji cha Aldcombe, ukiona ua wa miti uliosukwa ukasukika, matawi yamelazwa upande mmoja kama nywele za bibi harusi, ujue Amos amepita hapo na mundu wake. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na pamoja na kazi alirithi majina. Kila shamba la Aldcombe lina jina: Njaa Kuu, Kazi Bure, Pua ya Kasisi, Ekari ya Mjane. Yako arobaini na moja, na hayakuwa yameandikwa popote. Yaliishi vichwani mwa watu tu. Wengine walijua kumi, wengine ishirini. Amos aliyajua yote, kwa kuwa mzee alimfundisha wakitembea, kila jina na kisa chake, kama mtoto mwingine anavyofundishwa sala.

Na alikuwa na Hester. Au alidhani anaye.

Hester Lovibond alikuwa binti wa mwoka mikate, mwenye miaka ishirini na sita, nywele za rangi ya ganda la mkate ulioiva, na ulimi ambao haukuogopa mtu. Majira matatu ya baridi mfululizo Amos aliusuka upya ua wa bustani ya bibi yake Hester, Bibi Keziah, bila kutaka malipo. Kila Jumamosi Hester alimpelekea chai ndani ya chupa ya bia iliyofungwa soksi ili isipoe. Alisimama akimtazama anywe. Naye Amos alikunywa polepole kuliko mtu mwingine yeyote katika Uingereza nzima.

Mwezi wa nane uliopita, siku ya sherehe ya mavuno, Hester aliushika ule mkono wake wenye upungufu, akaupapasa pale pasipo kidole, akasema, "Panauma bado?"

"Sasa hivi hapaumi," Amos alijibu.

"Una la kuniambia, Amos?"

Alikuwa nalo. Akafungua kinywa. Akasema, "Naona mvua inakuja."

Mvua haikuja. Aliyekuja ni Bwana Crispin Vane.

Alishuka kwenye treni ya kutoka mjini na masanduku mawili ya vitabu, kamera, na taipureta, akapanga chumba cha juu kwa Lovibond, juu ya tanuri la mikate. Alikuwa anaandika kitabu cha historia ya Aldcombe, watu wake, makaburi yake na desturi zake, kabla wazee hawajaisha. Alihitaji mtu wa kumpigia chapa. Hester alikuwa amejifunza kupiga chapa kwa kusoma masomo ya jioni mjini. Basi.

Tangu siku hiyo Amos alijifunza kitu kipya kuhusu nyua: mtu anayesuka ua huona kila kitu, na hakuna amwonaye. Aliwaona wakiwa makaburini, wamepiga magoti mbele ya jiwe moja, wakikwangua kuvu ili wasome jina la mtu aliyekufa miaka mia mbili iliyopita. Kumbe kwa kusoma jina la maiti lazima vichwa vikaribiane hivyo? Aliwaona wakitoka kanisani na madaftari ya zamani, Hester akicheka mpaka akashika mbavu. Amos hakuwahi kumchekesha hivyo. Na kubwa kuliko yote, aliiona ile penseli. Ilikuwa penseli ya njano ya Bwana Vane, yenye alama za meno yake mwishoni, na Hester alikuwa ameichomeka nyuma ya sikio lake kama vile imezaliwa hapo.

Wahenga wamesema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Amos alishiriki. Mwezi wa tisa ulipokwisha mkanda wake ulikuwa umeingia tundu mbili ndani.

Tena Bwana Vane hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Angekuwa mwenye maringo ingekuwa rahisi. Lakini alisalimia kila mtu, alisifia mikate, na watoto walimpenda. Hata Bwana Lovibond, mzee wa kanisa asiyecheka, alimkatia kipande kikubwa cha jibini kwa mkono wake mwenyewe. Amos alipoingia dukani siku moja kununua mkate, Lovibond aliupima kwa macho kabla hajampa, kana kwamba alihofia ungepungua ukivuka mlango.

"Kuna damu na damu, Tuckwell," alimwambia, sauti chini. "Binti yangu anaingia katika nyumba ya vitabu. Hawezi kuingia katika nyumba yenye shamba la jina lile."

Amos alilipa akatoka. Jina lile alilijua. Nani Aldcombe asiyelijua?

*

Siku ya Alhamisi, mwanzo wa mwezi wa kumi, Bwana Vane alimfuata Amos kazini.

"Tuckwell, kila mtu ananiambia nikitaka majina ya mashamba nikuone wewe. Nizungushe, tafadhali. Kesho narudi mjini, na Jumatatu mchapaji anaanza kazi."

Amos hakuwa na sababu ya kukataa ambayo angeweza kuitamka. Akachukua fimbo yake, wakaenda. Njia iliwapitisha nyuma ya nyumba ya Bibi Keziah, penye ua ule wa majira matatu, na ng'ambo ya ua, mizinga sita ya nyuki.

Hapo miguu ya Amos ikagoma.

Aldcombe nyuki ni watu wa nyumbani. Akifa mtu, mwenye mizinga hugonga kila mmoja kwa ufunguo wa mlango akawapa habari. Akichumbiwa binti wanaambiwa pia, kwa jina, na kila mzinga hufungwa utepe mweupe. Wasipoambiwa huhama. Wakidanganywa ni vibaya zaidi, ingawa hakuna anayekumbuka aliyethubutu.

Mizinga yote sita ilikuwa imefungwa utepe mweupe.

"Umeona?" Bwana Vane alisema, uso umemjaa furaha. "Hester amezifunga mwenyewe asubuhi hii. Zimependeza mno."

Bibi Keziah alikuwa na mjukuu mmoja tu wa kike. Amos alizitazama zile tepe. Upepo ulizichezesha kidogo. Hakuuliza neno hata moja. Angeuliza nini? Mtu haulizi jeneza kama kuna msiba.

"Zimependeza," alisema. "Twende."

Walifika kwenye shamba la kwanza, mteremko wa mawe ambao haujawahi kumshibisha mtu tangu dunia iumbwe. Jina lake Njaa Kuu.

"Hili linaitwaje?" Vane aliuliza, daftari tayari.

Amos alitazama mawe yale. Akaitazama penseli ya njano mkononi mwa Vane. Leo alikuwa amerudishiwa.

"Shamba la Malkia."

"Malkia! Malkia gani?"

"Wa zamani. Alipita hapa akalala."

"Alilala shambani?"

"Alikuwa amechoka."

Vane akaandika kwa pupa. Na Amos, mtu asiyekuwa na maneno, siku hiyo maneno yalimtoka kama maji ya bwawa lililobomoka. Kazi Bure akaigeuza Kilima cha Dhahabu. Pua ya Kasisi ikawa Bonde la Jemadari. Kila uongo ulimpa utamu mdogo, mkali, kama kung'ata jino linalouma. Chukua, alisema moyoni. Umemchukua Hester, chukua na haya.

Mwisho walifika kwenye pembe moja ya malisho, nyuma ya kinu kibovu. Hapo alisita. Kuhusu shamba hili angedanganya hata kama mizinga isingekuwa na tepe.

"Na hili?"

"Shamba la Shujaa," Amos alisema. "Babu wa baba yangu. Alipigana vita."

"Ajabu! Familia yako mwenyewe!" Vane akampa mkono, na machoni mwake mlikuwa na heshima ya kweli. Amos aliupokea mkono ule akajihisi mdogo kuliko panya.

*

Kesho yake, saa nane mchana, Amos alikuwa kwenye ua wa Ekari ya Mjane. Alikuwa akikata shina nusu, akililaza, akilipitisha kati ya vigingi. Hakugeuka aliposikia hatua. Hatua zile alizijua hata kwenye majani mabichi.

"Alikuwa amechoka, Amos? Malkia alikuwa amechoka?"

Hester alisimama nyuma yake, koti la mvua halijafungwa vifungo, uso umemwiva kwa hasira. Nyuma ya sikio lake ilikuwepo ile penseli ya njano. Amos aliiona kabla hajaona kitu kingine.

"Hongera," alisema.

"Hongera ya nini?"

"Ya harusi."

"Harusi gani, we mwanamume? Nimekuuliza habari ya malkia! Nimepiga chapa ule upuuzi wako asubuhi nzima. Kilima cha Dhahabu! Pale Kazi Bure, ambapo hata viazi vinaota kwa huruma tu!"

"Ungemwambia basi mchumba wako kwamba ni uongo."

Hester akasogea hatua moja. Kisha akasema polepole, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu, "Nani kakwambia nina mchumba?"

"Nyuki wamenivalia utepe, Hester. Sita. Sihitaji kuambiwa na mtu."

"Toba!" Hester alishika kichwa. "Zile tepe? Amos, zile ni za picha! Bwana Vane alitaka picha ya desturi, kwa kitabu chake. Nikafunga, akapiga, basi. Bibi alikuwa kanisani kupanga maua. Aliporudi akaziona, nusura anitoe roho. Mpaka sasa anasema nimewadanganya nyuki, na kuzifungua ni kuwadanganya mara ya pili."

Amos aliutazama mundu mkononi mwake. Alitaka ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Ekari ya Mjane ni udongo wa mfinyanzi, haipasuki ovyo.

"Na penseli je?" alisema, kwa sauti ya mtu anayezama akishika nyasi.

"Penseli imefanya nini?"

"Inakaa sikioni kwako. Ina meno yake."

Hester akaigusa penseli. "Kumbe umeniona mpaka sikioni," alisema. "Umejificha kwenye miiba miezi miwili unahesabu penseli, na kuja kuniuliza hukuja. Mchana wote ule, jua lote lile, Amos! Mdomo ulikuwa umeazimwa?"

"Nilikusukia ua. Majira matatu."

"Nimeuona ua. Ng'ombe pia wameuona. Ua hausemi."

"Mimi nilidhani unasema."

Hilo lilimgusa, na Amos aliona limemgusa, kwa kuwa aliyageuza macho akatazama kinu. Lakini aliporudisha uso ulikuwa mgumu vilevile.

"Sikiliza. Nilipofika kwenye lile shamba la nyuma ya kinu, nikasoma Shamba la Shujaa, vidole vilikufa ganzi. Bwana Vane alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Neno moja tu lilitosha. Nikanyamaza. Unajua kwa nini? Ningemwambia nini, kwamba mtu wangu ni mwongo?"

Mtu wangu. Amos alilidaka neno lile kama mwombaji anavyodaka mkate.

"Hester..."

"Sijamaliza. Nikamsindikiza kituoni saa sita. Kabla treni haijaja akanishika mkono, akaniomba niende naye mjini. Niwe mke wake."

Mundu ulimponyoka Amos, ukajichoma udongoni. Kwa hiyo haikuwa ndoto ya miiba. Kwa hiyo kidonda kilikuwa na mwiba ndani kweli.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia atapata jibu kwa barua."

"Kwa nini si palepale? Hukujua unachotaka?"

"Jana ningejua. Sababu yangu ya kumkataa ilikuwa mtu mmoja. Leo nimeisoma orodha ya mtu huyo, nikasimama pale kituoni najiuliza: Bwana Vane ananiambia ukweli wa moyo wake mchana kweupe, mbele ya mkuu wa kituo. Na mimi nimkatae kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya Malkia aliyechoka?" Akajipangusa pua kwa mkono wa koti. "Wazee wetu hawakuacha nyumba, Amos. Hawakuacha fedha. Waliacha yale majina. Baba yako alikupa wewe yote, na wewe umeyauza kwa sababu ya wivu. Jumatatu yanachapwa. Watoto wa Aldcombe watasoma shuleni kwamba pale Njaa Kuu alilala malkia."

Kwa mara ya kwanza siku hizo mbili Amos hakumwona Vane mbele ya macho yake. Alimwona mzee wake akitembea mbele, fimbo ikinyooshwa: hili Njaa Kuu, mwanangu, sema. Naye mtoto anasema, Njaa Kuu.

"Posta inatoka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na moja kasorobo."

"Ikiondoka leo itamfika kesho?"

"Itamfika."

"Nipe karatasi."

"Ninayo kwa Bibi." Hester aligeuka akaanza kwenda, kisha akasema bila kutazama nyuma, "Na ni yote, Amos. Arobaini na moja. Si arobaini."

*

Jikoni kwa Bibi Keziah palinukia nta na jamu ya forosadi za porini. Bibi mwenyewe, mwanamke wa miaka themanini asiyefika urefu wa kitasa cha mlango, alimtazama Amos kutoka kwenye buti mpaka kofia.

"Vua buti. Uongo ingia nao, tope acha nje."

"Nisamehe, Bibi Keziah."

"Mimi nani? Kawaombe msamaha nyuki. Wameambiwa kuna harusi, wameshakaa mkao wa keki, na nyumba hii haina hata anayechumbiana. Mmoja anafunga tepe kwa picha, mwingine anabandika majina kwa hasira. Kizazi gani hiki, jamani!"

Hester aliweka mezani karatasi na bahasha kuukuu. Wino ulikuwa umekauka chupani. Akaitoa penseli nyuma ya sikio, akamwekea Amos mbele yake bila kusema kitu. Amos aliishika kwa vidole viwili, pasipo alama za meno, akaanza.

*Bwana Vane, nilikudanganya. Majina niliyokupa siku ya Alhamisi si ya kweli hata moja. Nilikuwa na wivu. Ya kweli ni haya.*

Aliandika akiyatamka kwa sauti ndogo. Kila jina lilikuja na mahali lilipofundishwa: hili walikuwa wamekaa kula jibini, hili mzee alikuwa akikohoa. Hester alikuwa upande wa pili wa meza na karatasi yake ndogo, naye akaandika kwa kalamu ya rangi ya kutilia alama mitungi ya jamu. Mistari michache tu. Akaikunja mara mbili. Amos aliiona ile karatasi. Macho akayarudisha kwenye kazi yake kwa nguvu, kama mtu anavyomrudisha farasi njiani.

Alifika arobaini. Penseli ikasimama.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Lovibond aliingia na mkate wa mama yake kwapani, unga kwenye nyusi. Akamwona Amos.

"Huyu anafanya nini hapa na soksi?"

"Anaandika," Bibi Keziah alisema. "Kaa chini, mwanangu, au toka. Mlango unaingiza baridi."

Lovibond hakukaa wala hakutoka. Amos alihisi macho yale kichogoni mwake. Angeweza kungoja mpaka aondoke. Angeweza kuliandika bila kulitamka. Lakini arobaini aliyatamka, na la arobaini na moja halikuwa na haki ya kunyimwa sauti.

"La nyuma ya kinu," alisoma huku akiandika, "ni Shamba la Mwizi wa Kondoo. Mwizi alikuwa Jethro Tuckwell, babu wa baba yangu. Mwaka wa njaa aliiba kondoo mmoja. Alikuwa na watoto watano. Walimpeleka ng'ambo kwa meli na minyororo, hakurudi. Mimi ni wa ukoo wake. Tafadhali liandike hivyo."

Birika tu lilikuwa likinung'unika.

"Kondoo yule alikuwa wa babu yangu," Lovibond alisema hatimaye.

"Najua, bwana. Unataka niandike na hilo?"

Lovibond alikunja uso, akaukunjua. Alikuwa amejiandaa miaka mingi kumrushia Amos jina lile usoni, na sasa Amos amelichukua mkononi mwake mwenyewe, halikubaki la kurusha.

"Andika," alisema. "Ukweli ni ukweli."

"Basi aandike wote," Bibi Keziah alidakia. "Baba mkwe wangu alinisimulia yeye mwenyewe: kondoo alikuwa kiguru na mwenye ukurutu, na walishaamua kumtupa. Hilo mbona husimulii dukani?"

Hester akaficha mdomo kwa kiganja. Lovibond aliuweka mkate mezani kwa kishindo, akawa mwekundu mpaka shingoni. Alipofika mlangoni akasimama, mgongo umewaelekea.

"Huo mkate ni wa watu watatu," alisema. "Msiuache ukauke." Akatoka.

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na nusu. Amos alikunja barua yake akaitia kwenye bahasha. Hester akaisogeza mbele yake ile karatasi yake iliyokunjwa mara mbili.

"Na hii iende humohumo. Ni jibu lake."

Amos hakuigusa. "Umeandika nini?"

"Isome. Haijafungwa."

Hakukuwa na mzaha machoni mwake, wala hasira. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, akingoja. Amos akaelewa kuwa hapa ndipo alipotakiwa kufika tangu mwezi wa nane. Karatasi yenyewe ilikuwa nyepesi, kona moja imejiinua, na kupitia mkunjo aliona kivuli cha herufi nyekundu. Kidole kimoja kingetosha. Kidonda chote cha miezi miwili kilimwambia: fungua, ujue, upone au ufe, lakini ujue.

Akaichukua. Akaitia kwenye bahasha kama ilivyo, bila kuikunjua.

"Sitaki kukusoma kwa kuchungulia tena," alisema. "Nimechungulia ya kutosha. Nakutaka, Hester. Ndilo nililotaka kukwambia siku ile ya mavuno. Mvua nilisingizia."

Bibi Keziah akaanza ghafla kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Machozi yalimlengalenga Hester. Amos akalamba gundi ya bahasha. Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi imekufa, kifuniko kikainuka. Bibi, bila kugeuka, akamsogezea mshumaa wa nta ya mizinga yake mwenyewe, umewashwa. Amos akauinamisha.

"Ngoja," Hester alisema.

Akaichukua penseli ya njano pale mezani. Akaitazama mara moja, akaichomeka ndani ya bahasha, kati ya barua mbili.

"Mrudishie mwenyewe kitu chake," alisema. "Nimeshamaliza nayo."

Tone la kwanza likaanguka mezani. La pili likaangukia mahali pake. Akadondosha la tatu, akalibana kwa kidole gumba mpaka likapoa, na nta ikabaki na mistari ya ngozi yake.

Alitoka bila kofia. Alipopita kwenye ua aliona tepe sita bado zimefungwa, nyuki wa mwisho wa jua la jioni wakiingia na kutoka chini yake. Nyuma yake alisikia hatua za buti nyepesi zikikimbia zimfikie, lakini hakupunguza mwendo, kwa maana mletabarua alikuwa ameshaegemeza baiskeli yake ukutani penye sanduku jekundu, ufunguo mkononi.

"Umechelewa, Tuckwell," mletabarua alisema.

"Bado," Amos alisema.

Akaitia barua kwenye mdomo wa sanduku na kuiachia. Wote wawili, yeye na Hester aliyekuwa sasa ubavuni kwake akihema, waliisikia ikigonga chini.